Mashine Iliyotwanga Sombe

Juzi nilifungua redio ya kanda iliyokufa zamani, nikakuta mota yake bado inazunguka. Nilikaa nayo mkononi, rafiki yangu, na Gisenyi ya mwisho wa miaka ya tisini ikanijia: harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakikaangwa, betri zimeanikwa juani ili zipate nguvu kidogo.

Wazazi hawakuwepo tena. Mimi, mkubwa, niliacha shule nikauza sambaza ili wadogo zangu wawili wasome. Alasiri mwalimu wao wa sayansi aliwafundisha uani kwake kutengeneza mashine za sauti kwa redio mbovu zilizotupwa. Mimi niliwasubiri langoni.

"We mukubwa, ingia," aliniambia. "Hapa hatuulizi uniforme."

Nikaingia, nikawa mwanafunzi tena.

Mwalimu yule hakuwa na haraka. Alitupatia mota, waya na kijiko, akatuacha tukosee. Siku moja tulifunga misumari kwenye gurudumu. Kila msumari uliinua kijiko na kukiangusha juu ya debe. Tukaunganisha betri. Ta-ta-ta-ta-ta. Tulishangilia. Nje milango ilifungwa kwa kishindo, na bibi jirani akalala kifudifudi jikoni kwake. Miaka ile risasi zililia milimani, nasi tulikuwa tumetengeneza mlio wake.

Kiongozi wa mtaa, tuliyemwita responsable, alifika papo hapo. "Bon, mwalimu. Hii kitu inakwisha leo."

Ua ule ndio ulikuwa shule yangu pekee.

Mwalimu hakubishana. Aliomba apewe hadi kesho, akatupeleka nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwenye kila mlango aliuliza: mngependa kusikia nini?

"Mulifanya nimwage maharage yangu yote," alisema bibi. Kisha akajibu swali: "Kinu. Zamani jioni kila nyumba ilikuwa inatwanga majani ya muhogo ya sombe. Sasa iko kimya tu."

Tuling'oa misumari tukabakiza mmoja. Tukatafuta gurudumu kubwa ili lizunguke polepole. Kijiko tukakibadilisha kwa mwiko uliofungwa kitambaa, na bibi akatuazima kinu chake tupu. Du. Du. Du.

Kesho yake responsable alisimama kando, mikono nyuma. Bibi aliinamisha kichwa akasikiliza muda mrefu.

"Inatwanga kama bibi-arusi muvivu," akasema. "Wacha iendelee."

Responsable alicheka bila kutaka. "Donc muendelee. Lakini ile ya debe, hapana."

Baadaye, jioni mashine ikinyamaza, majirani walituma watoto kuuliza kuna nini.

Mwalimu alihama. Ua ule sasa ni hoteli, na sombe huja sokoni imeshasagwa. Vingi vimepotea ambavyo ningevirudisha kama ningeweza. Lakini leo bati likianguka mtaani, watu hugeuka tu, wakaendelea na mazungumzo. Hofu ile nayo imepotea, na mwalimu yule, mmoja wa walioanza kuiondoa, hakuwa na kitu mkononi ila mwiko na mota ya redio.