Magolikipa Waliozidi

Enzi zetu pale Tunduma, heshima ya mtoto ilikuwa mfukoni, kwenye picha zake za wachezaji. Zilikuja ndani ya bablishi, nasi tulitafuna mpaka taya zikauma, utamu ukiwa umeisha kitambo. Kwenye uwanja wetu nyuma ya soko, aliyekamilisha picha za wachezaji kumi na mmoja ndiye aliyepanga timu. Sisi wasichana tulikuwa waokota mipira tu. Mimi nilitaka kucheza, na njia ilikuwa hiyo moja.

Kumi niliwapata upesi. Aliyenitesa ni namba tisa. Kila bablishi niliyofungua alitoka golikipa, tena yuleyule, na mtaa mzima tulikuwa na yeye, kwa hiyo hakuna aliyekubali kubadilishana. Wenzangu waliwatupa mtaroni. Mama, muuza maharage, aliwakuta wangu chini ya godoro akasema, "Haya makaratasi nitawashia mkaa." Nikaanza kutembea nao kwenye sketi.

Jumamosi moja nikamsindikiza Mama kuuza maharage ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Karibu na meza yake watoto wa Kizambia walikuwa wanachezea picha, na namba tisa walikuwa chungu nzima. "Mulishani," nikawasalimia Kibemba, kisha tukahamia Kinamwanga, maana hicho ni chetu pande zote mbili. Kumbe wao golikipa hawajawahi kumwona. Nilipochomoa bunda langu waliacha kucheza. Nilitaka kuwapa wote kwa mkupuo, lakini Mama, akiendelea kupima maharage kwa sado, akaninong'oneza, "Toa mmoja mmoja, mwanangu. Ukimwaga vyote vinakosa bei."

Nikatoa mmoja mmoja. Nilirudi Tunduma na namba tisa wa kugawia mtaa, ila kwanza nilipanga timu. Wasichana nikawaweka mbele. Yona, aliyezoea kutufokea tukichelewa na mpira, nikampeleka golini. Tulishinda, na bao nililofunga kwa goti ninalisimulia mpaka leo kwenye harusi za watu.

Siku hizi mwanangu ana wachezaji wa dunia nzima kwenye simu, wala hajawahi kuumwa taya. Juzi nikamuuliza wakizidi anawafanyaje.

"Nawafuta, Mama."

Nilimwonea huruma kweli. Mimi waliozidi ndio walioniingiza uwanjani.