Namba Mbili

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la duka, mama mdogo hufuta miwani ya mumewe kwa pindo la gauni lake, humvisha, kisha huinama mpaka nyuso zao ziwe sawasawa.

"Mimi nani?"

Baba mdogo humtazama kwa adabu, kama mtu aliyepishwa kwenye foleni. "Asante, dada," husema.

"Haya," hujibu mama mdogo, na kwenda kufungua dirisha.

Kabla ya kiharusi hakuwahi kumwita dada. Alimwita Namba Mbili, na mtaa mzima ukalidaka jina hilo. Hata wateja wanaoleta suruali za kupunguzwa huchungulia dirishani na kuuliza, "Namba Mbili yupo?"

Jina lilitoka kwenye kompyuta. Baba mdogo alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, na meneja wake alipohama alimwachia kompyuta ya nyumbani, ya zile za zamani ambazo mashine nzima imo ndani ya kibodi. Unaichomeka kwenye televisheni, na michezo yake unaiingiza kutoka kwenye kaseti za kawaida kwa redio ya kaseti. Walikuwa wameoana karibuni. Jioni, kazi zikiisha, walikaa bega kwa bega mbele ya kibodi hiyo moja, mume upande wa kushoto kama mchezaji wa kwanza, mke upande wa kulia kama wa pili.

Dada mkubwa wa baba mdogo, ambaye ni muuguzi, aliposikia mdogo wake anamwita mkewe Namba Mbili mbele za watu, alikuja na mkoba kwapani, hata salamu hakutoa.

"Namba Moja umemficha wapi?"

"Si ndiye huyu unayemfokea," akajibu baba mdogo.

Mchezo walioupenda ulikuwa mmoja tu. Wachimba madini wawili, mmoja mwekundu na mwingine wa njano, wadogo kama vifungo vya shati, wamepotea mgodini. Kati ya chumba na chumba kuna mlango wa chuma unaopanda juu. Mwekundu anashikilia mpini, mlango unapanda, wa njano anapita. Kisha wa njano anakanyaga jiwe upande wa pili, na mwekundu naye anapita. Peke yako huendi popote. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwekundu, na alikuwa na utundu wake. Wa njano akifika chini ya mlango tu, anauachia. Wa njano anabaki bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi, wanarudishwa mwanzo, na baba mdogo anacheka mpaka anakohoa.

"Muuaji wewe."

"Kidole kimeteleza."

"Kidole gani hicho kinateleza kila siku mlango uleule?"

Wenzake wa kiwandani walipokuja kucheza, kidole hakikuteleza hata mara moja. Mama mdogo akamuuliza kwa nini wao anawahurumia.

"Wale wageni," akasema. "Mgeni unamshikia mlango."

Haya nilisimuliwa mwaka huu, baada ya kumaliza chuo na kuja kukaa chumba chao cha nyuma. Wakati huo baba mdogo alikuwa ameshapooza upande wa kulia, na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda, isipokuwa yale mawili ya asubuhi. Hawakujaaliwa mtoto. Mama mdogo alimwogesha, akamlisha kwa kijiko, akamgeuza, kisha akaketi kwenye cherehani na kushona huku jicho moja liko kwenye kiti cha mumewe. Vidole vyake vilianza kuchomwa na sindano, jambo ambalo hata uanagenzini halikuwa likimtokea.

Wifi yake alikuwa amestaafu, na alikuja kila wiki. Baba mdogo hakumfumbulia kinywa. Mwezi uliopita, tukiwa jikoni, alisema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Wifi, nitamchukua. Kwangu milango ni mipana, na kazi ya kuuguza naijua."

"Huyu ni mume wangu."

"Sijasema si wako. Lakini tuseme ukweli. Hakujui. Akilala hapa au akilala kwangu, yeye ataona tofauti gani?"

Mama mdogo alikuwa ameshika sahani. Aliendelea kuisuuza mpaka nikaionea huruma ile sahani.

"Nipe mpaka Jumapili," akasema.

"Jumapili kutakuwa na nini?"

"Nipe tu."

Alikuwa ameona kitu. Mchana mmoja, baba mdogo akiwa ametulia kitini, vidole viwili vya mkono wa kushoto vilianza kugonga ubao wa kiti. Kimoja kilibonyeza na kukaa, cha pili kikagonga mara mbili, kisha vyote vikatulia, vikingoja. Mama mdogo alisimamisha cherehani. Aliujua ule mwendo. Mpini, hatua, ngoja.

Kompyuta ilikuwa chini ya meza ya kukatia, imeviringishwa kwenye kipande cha bitana. Televisheni ya chogo, yenye kisogo kirefu nyuma, tuliipata kwa kinyozi, ambaye alikuwa akiwekea juu yake taulo. Iliyosumbua ilikuwa redio ya kaseti. Ile ya zamani, mama mdogo aliitia kitone cha rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti, kuonyesha mahali ambapo mchezo hukubali kuingia. Ilikuwa imekwisha kufa na kutupwa. Tuliyoazima haikuwa na kitone, na mkanda wake wa ndani, ule wa mpira unaozungusha kaseti, ulikuwa umelegea. Tuliipeleka kwa fundi wa redio.

"Hii, mama, dawa yake ni makumbusho," fundi akasema.

"Nimekuuliza dawa? Nimekuuliza mkanda."

Mkanda ulipatikana. Tukaanza kuingiza mchezo. Sauti ya kaseti hiyo ni mlio wa kukwaruza, kama nyenje aliyefungiwa kwenye kopo, na kwenye kioo mistari ya rangi hupanda na kushuka. Ukipandisha sauti kidogo mno, kompyuta inagoma. Ukizidisha, inagoma. Kila ikigoma unarudisha kaseti nyuma na kuanza upya. Mama mdogo alifanya hivyo siku baada ya siku, nguo za watu zikiwa zimelala mezani bila mikono. Alizungusha kitufe kwa unywele, akasikiliza, akazungusha tena. Hakuwa akila. Nilimwekea sahani, nikaikuta palepale, nzi akiwa mgeni rasmi.

Ijumaa redio ikaitafuna kaseti. Utepe ulitoka umekunjamana kama shati lililolaliwa. Mama mdogo aliutazama, akanyoosha mkono kwenye pasi, kwa sababu maishani mwake mikunjo yote dawa yake ni moja. Nilimshika kiwiko.

"Utayeyuka, mama mdogo."

Aliiweka pasi chini, akakaa sakafuni, akalia bila sauti. Baba mdogo alikuwa akimtazama kutoka kitini kwa ile adabu yake. Kisha mama mdogo akavaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, akaulaza utepe juu ya kitabu changu, akausugua taratibu kwa ncha ya kidole, kipande kwa kipande, mpaka ukalala. Akauzungushia ndani ya kaseti kwa kalamu.

Jumapili wifi alikuja na gari la kuazima. Lilisimama nje, mlango wa nyuma wazi. Alianza kukunja mashuka ya mgonjwa bila kusema kitu. Mama mdogo alibonyeza redio mara ya mwisho. Mlio ukakwaruza. Mistari ikapanda, ikashuka, na sote watatu tukasimama tukiitazama. Ikaendelea. Kisha kioo kikawa cheusi, na wachimba madini wawili wakatokea wamesimama mbele ya mlango wa chuma.

Mama mdogo akauweka mkono wa kushoto wa mumewe juu ya kibodi. Akaketi kulia kwake.

Mwekundu akatembea. Nilimsikia wifi akivuta pumzi kule mlangoni, mashuka mikononi. Mwekundu akafika kwenye mpini, akaushika, mlango ukapanda. Hakubabaika hata kidogo. Mama mdogo akampeleka wa njano mpaka chini ya mlango, na hapo akamsimamisha.

"Haya," akanong'ona.

Kidole cha baba mdogo kilibaki kimebonyeza.

"Angusha," mama mdogo akasema, karibu kabisa na sikio lake. "Niangushie. Tafadhali."

Wa njano alikuwa amesimama chini ya chuma, hana hata pa kujificha. Kidole kile kilikuwa kimeanza kutetemeka kwa uchovu, lakini hakikuinuka. Mama mdogo hakusogea. Machozi yalimdondokea juu ya kibodi.

Baba mdogo akafungua kinywa, akakitafuta kitu ndani kwa shida kubwa.

"Pita, dada," akasema.

Mashuka yalianguka. Wifi alifika kitini kwa hatua ambazo sikuzitegemea kwa umri wake, akapiga magoti, akamshika mdogo wake mashavu.

"Amenikaribisha," akasema. "Mmesikia? Ameniona mlangoni, ameniambia nipite. Ndugu yangu amenijua."

Mama mdogo alimtazama wifi yake, akatazama kioo, akampitisha wa njano. Kisha akakanyaga jiwe, na mwekundu naye akapita. Walicheza vyumba vyote, hadi walipotoka mgodini, mahali ambapo katika ndoa yao yote hawakuwahi kufika, maana kidole kilikuwa kikiteleza.

"Simhamishi," wifi akasema akiondoka, akijifuta macho kwa pindo la shuka. "Mtu akianza kupona, unamwacha palepale anapoponea. Wifi, nisamehe."

"Yameisha, wifi," mama mdogo akasema. "Asante."

Gari likaondoka tupu. Baba mdogo alikuwa amesinzia, miwani imepinda. Mama mdogo akachomoa waya mmoja mmoja, akaiviringisha kompyuta kwenye bitana, akaisukuma chini ya meza. Kisha akaketi kwenye cherehani, akachukua suruali ya mtu, akaanza kufumua pindo.

Sikuwa nimemuuliza chochote siku zote zile. Nilimuuliza hapo.

"Mama mdogo, amekujua?"

Alikata uzi kwa meno.

"Hapana," akasema. "Amenishikia mlango."