Nilivyomfundisha Marika Kwao

Enzi zetu lami iliishia Isiolo. Ninyi wa rika langu mnakikumbuka kile kizuizi cha polisi upande wa kaskazini, malori ya ng'ombe yakingoja kufunguliwa, na mtu akipanda basi la Nairobi tunasema ameenda Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Mnakumbuka pia maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni kwenye pakiti za pembe tatu. Sisi watoto wa wafugaji, tuliozaliwa tukinywa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, tulizipigania pakiti zile utadhani hatujawahi kuona ng'ombe. Lakini kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Katika mji huohuo, mimi nilikuwa nikisomeshwa Uholanzi.

Mama yangu aliuza maziwa nyumba kwa nyumba, na mteja wake mmoja alikuwa mama wa Kiholanzi ambaye mumewe alichimba visima huku na huko, Gotu, Kipsing, popote palipokauka. Walikuwa na mtoto mmoja, Marika, wa umri wangu. Marika alizaliwa hapahapa Kenya. Alitukana kwa Kiborana vizuri kuliko kaka yangu Guyo, na akitembea bila viatu miiba ilimwogopa. Nchi ya wazazi wake aliijua kwa kusimuliwa tu, na jambo hilo lilimkosesha mama yake raha. Kwa hiyo kila alasiri alimketisha sebuleni amfundishe kwao: ramani, nyimbo, sikukuu, wafalme. Ila kumfundisha mtoto mmoja kunachosha. Siku moja akamwambia mama yangu, "Mama Guyo, niachie Talaso. Marika anataka mwenzake."

Mimi mwenyewe nilimtaka zaidi. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, na Guyo alikuwa na mpira wake wa makaratasi na wenzake waliosema msichana ataleta mkosi uwanjani. Alasiri zangu zilikuwa ndefu sana.

Basi nikawa mwanafunzi. Tulikula mkate uliomwagiwa punje za chokoleti, ambazo mara ya kwanza nilidhani ni mavi ya panya nikakataa kwa heshima. Tulipewa peremende nyeusi zenye ladha ya magadi; Marika alizimung'unya kwa furaha, mimi niliificha yangu shavuni mpaka nikafika nje. Katika choo chao ilitundikwa kalenda yenye majina ya jamaa wote na siku zao za kuzaliwa, ili mtu akikaa pale asisahau kuwapongeza. Mama yangu alipoiona alitoka amejifunika mdomo. Njiani akaniuliza, "Hata jina ya nyanya yake wanaweka chooni?" Nikamwambia ndiyo, hata ya nyanya. Akamwombea nyanya huyo msamaha kwa Mungu hadi tukafika nyumbani.

Kwa Abba, baba yangu, shida ilikuwa maji. Ujanani mwake alishuka kwenye visima virefu, wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo ya ngozi. Mimi nikamweleza kwamba Uholanzi nchi iko chini ya bahari, na watu wake wana mashine za kutoa maji usiku na mchana ili wasizame.

"Wewe Talaso, hiyo mama inakudanganya. Mtu gani anaamka asubuhi kumwaga maji?"

"Ni ya bahari, Abba. Ni chumvi."

"Hata kama ni chumvi. Ngamia atakunywa."

Tangu siku hiyo, kila mvua ilipokosa kunyesha, Abba aliangalia mbingu akauliza wale watu wangu wamemwaga ngapi leo.

Sasa nifike mahali ambapo bado panauma. Alasiri moja nilimkuta Marika nyuma ya tangi la maji, macho mekundu. Alikuwa amewasikia wazazi wake wakizungumza. "Kuna mtihani," akaniambia. "Unakuja kwa posta. Halafu kuna kwenda kwa nyanya, Uholanzi. Kukaa kabisa."

Mimi nililielewa jambo hilo papo hapo, kwa sababu kwetu lilisemwa kila muhula. Guyo aliambiwa akianguka mtihani atapelekwa kwa mjomba, Gotu, akachunge mbuzi. Anayeanguka huondolewa, anayepita hubaki. Nani hajui hilo?

"Usianguke basi," nikamwambia. "Ukianguka ndio wanakupeleka."

"Na nikipita?"

"Ukipita unabaki. Guyo alipita, kwani ameenda wapi?"

Akafuta machozi. Shida ni kwamba Marika hakuwa na kichwa cha ramani. Mikoa ya Uholanzi ilimtoka kama maji kwenye kikapu, labda kwa sababu hakutaka kuijua. Nikampeleka kwenye mchanga wa mto nikamfundisha kama Abba alivyotufundisha sisi mifugo ya ukoo. Kisimani kila kundi lina zamu yake, na mtoto lazima ajue nani hunywesha baada ya nani, asije akaleta vita. Tukachimba kisima kidogo, tukapanga mawe. Groningen inashuka kwanza, ina haraka, inatoka mbali juu. Friesland inafuata na ng'ombe wake weusi kwa weupe, walewale ambao Wameru walijivunia. Drenthe ni maskini, ana mbuzi tu, mwacheni apite. Utrecht mnene anasukumana katikati. Limburg anafika mwisho, mguu wake mbaya, na maji yameshachafuka. Tulipiga miluzi kama wachungaji, tuliwagombeza Zeeland kwa kuleta chumvi kisimani. Kila jioni tulirudi na mchanga kwenye nywele. Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa moyo kama ule.

Mtihani ulipofika Marika aliyamaliza makaratasi yote bila kutafuna kalamu. Majibu yalipokuja, mama yake alicheka na kulia. Mimi na Mama tulikuwa mlangoni na kibuyu. Mama yake Marika alinishika mashavu yote mawili. "Amepita vizuri sana! Shule ya huko imemkubali. Sasa yuko tayari."

"Tayari ya nini?" nikauliza.

"Kurudi nyumbani."

Marika alisimama nyuma yake akinitazama. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na wakubwa wote wawili wakadhani ni furaha.

Waliondoka asubuhi, Land Rover imejaa hadi juu. Mama yangu alinyunyizia magurudumu maziwa kidogo, ndivyo tunavyomuaga anayehama. Marika alikaa kiti cha nyuma, miguu imefungwa ndani ya viatu vipya, na gari likashika lami kwenda Kenya.

Baada ya hapo alasiri zikarudi kuwa ndefu, ndefu kuliko za mwanzo. Shuleni waliniita Mholanzi. Nilienda mtoni nikapanga mawe peke yangu, lakini mchezo wa kisima hauchezeki na mtu mmoja. Hakuna wa kugombana naye zamu. Nilikuwa na nchi nzima kichwani na hapakuwa na mtu hata mmoja Isiolo wa kuizungumza naye. Ni upweke wa ajabu huo, na sikuwahi kumweleza mtu, kwa sababu ningeanzia wapi?

Leo lami imepita Isiolo imefika Moyale. Watoto wa siku hizi hawapangi mawe; wanapapasa kioo cha simu, na dunia yote inajileta. Mjukuu wangu Kabale aliniomba nimtajie ile mikoa, nikamtajia bila kukosea. Akaangalia simu yake akaniambia, "Akoo, umeacha mmoja." Kumbe walikausha bahari wakaongeza mwingine, na mimi sikupashwa habari. Akataka tumtafute Marika pia humohumo kwenye simu. Tukaletewa wanawake wengi wenye mvi na miwani, kila mmoja akitabasamu, na sikuweza kumjua hata mmoja.

Kabale ni mtoto wa binti yangu. Huyo binti nilimfundisha kusoma mwenyewe kwa taa ya kibatari, akapita kila mtihani, na sasa yuko Kanada. Aliniachia Kabale mpaka makaratasi yake ya kusafiri yakamilike, na akaniomba jambo moja tu: nimzoeshe Kiingereza, ili akifika huko asihangaike. Nimemzoesha. Hata majina ya miji ya theluji anayajua. Juzi alizungumza na mama yake kwenye simu kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, anacheka, hakukwama popote. Kisha akanipa simu akakimbilia nje kucheza.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "unaonaje? Yuko tayari?"

Nikamwambia bado.