Kikombe cha Pili cha Bibi

Harufu ya mizizi inayochemka mpaka leo siivumilii. Nikiipata popote, hata kwa jirani anayejichemshia dawa ya kifua, naondoka. Watu huona naringa. Waache waone. Mimi harufu hiyo inanirudisha Kisarawe, uani kwa bibi mzaa baba, asubuhi moja ya masika, nikiwa na miaka minane na woga ambao sijaupata tena maishani, na nimeshaona mengi.

Tulikuwa tukiishi Kibaha, mtaa wa Pangani. Baba alikuwa karani wa serikali, mama akifuga kuku. Mama ni Mpare, mgeni wa Pwani, na mbele ya mkwewe alijitahidi kupita kiasi: wa kwanza kuamka, wa mwisho kula, sauti chini. Mimba yake ya pili ilipokaribia kutimia, baba akatumwa Dodoma kikazi, na bibi akaagiza mkwewe asikae peke yake, apelekwe kwake. Nani angekataa? Tukapanda basi kituo cha Kwa Mathias, na begi moja. Chini kabisa ya begi, ndani ya gauni lililokunjwa, mama alificha kadi ya kliniki. Aliponiona namtazama akasema, "Hili ni letu wawili. Bibi asijue."

Kilichofichwa hasa ni kovu. Mimi nilizaliwa kwa kupasuliwa, na kwa kuwa nilikuwa nikioga na mama, nilikuwa nalijua kovu lake vizuri, mstari mweusi kutoka kitovuni kwenda chini. Kisarawe walikuwa wameambiwa nilizaliwa kawaida. Uongo huo aliuanzisha baba kwa aibu, mama akaubeba. Ukitaka kujua aibu ya nini, ungekuwepo siku ya pili baada ya kufika, bibi akimsema binti wa jirani aliyetoka kupasuliwa: "Yule hajazaa. Katolewa mtoto, yeye kapokea tu." Wanawake wote uani wakacheka. Mama naye akacheka. Hata mimi nilicheka, jamani, nilikuwa mtoto. Lakini kliniki Kibaha nilikuwa nimemsikia nesi akimwambia mama, akidhani nimeshughulika na pipi yangu: "Wewe una kovu. Dawa za kienyeji za uchungu usiguse hata tone. Kizazi kitachanika, mtakufa wote wawili. Ukisikia tumbo tu, mbio hospitali."

Uchungu ulimjia asubuhi baada ya chai, akiwa anaosha vikombe. Akashika ukuta. Bibi akamtazama mara moja tu, akajua, akaingia ndani kutoa mizizi yake. Bibi hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lieleweke. Alikuwa amezaa watoto saba kwenye mkeka, na wakwe zake wote aliwachemshia dawa ileile kwa mikono yake, akipuliza moto huku akiomba dua. Mama akasema kwa upole, "Mama, si twende tu hospitali?" Bibi akamjibu, "Mapema yote hii? Wakakulaze kitandani bure? Kunywa kwanza njia ifunguke, ukifika huko ni kusukuma tu." Kukataa kungemlazimu mama aeleze sababu. Akapokea kikombe, akanywa.

Nilimwangalia koo likipanda na kushuka. Nikakaa karibu naye, sikio langu karibu na tumbo lake, nikisubiri kusikia kitu kikichanika. Kila alipobana meno nilijua ndiyo hivyo tena, mama yangu amekwisha. Uchungu ukaanza kuja kwa kufuatana, hapati hata nafasi ya kupumua, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Bibi akafurahi. "Cha kwanza kinaamsha," akasema, akichota tena. "Cha pili ndiyo kinaleta mtoto."

Sijui nilivyosimama. Nilisema, "Bibi, asinywe, mama alipasuliwa, nesi kasema atakufa." Bibi akageuka. "Nani kapasuliwa?" Na mama yangu, aliyekuwa akishindwa hata kuongea, akapata sauti: "Muongo huyo, mama. Msimsikilize." Akanyoosha mkono apokee kikombe. Basi nikafanya jambo ambalo mtoto hafanyi. Nikaishika khanga ya mama mbele ya mkwewe nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Bibi aliliangalia lile kovu, akaliangalia tena. Kikombe akakimwaga palepale mchangani. Alitoka mpaka barabarani bila viatu, kichwa wazi, anapiga kelele watu wamtafutie bajaji.

Hospitali walimwingiza mama moja kwa moja, sisi tukabaki kwenye benchi. Bibi alikuwa akienda bombani kunawa mikono, anarudi, anainusa, anakwenda tena. Kwa utani alizoea kuniita mke mwenzangu. Siku hiyo aliniita hivyohivyo, bila utani: "Mke mwenzangu, akifa huyu, mimi ndiye nimemuua." Nilimshika khanga yake nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Adhuhuri ikapita. Alasiri nesi akatoka akasema wako hai wote wawili, wa kiume, na bibi akakaa chini sakafuni kama mtoto. Tuliporuhusiwa kuingia nilimkimbilia mama. Alinitazama, midomo mikavu, akasema, "Nilikwambia nini?" Kisha akageukia ukutani.

Mdogo wangu sasa ana ndevu, na bibi tulishamzika. Mwaka jana ndipo nilipothubutu kumuuliza mama kama kweli angekunywa kile cha pili. Alikuwa anachambua mchele. "Ningekunywa," akasema, bila hata kufikiri. Nikamuuliza, huku unajua? "Huku najua." Nilikasirika, nikamwambia zilikuwa akili za zamani, siku hizi wanawake wanapigwa picha wodini wakicheka, nani anaona haya kwa ajili ya kovu? Akaendelea kuchambua mchele wake.

Wiki iliyopita mama mkwe wangu alinipigia simu. Nina mimba ya pili, na wa kwanza nilimpata kwa kisu. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza, "Yule wa kwanza si ulimzaa mwenyewe?" Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Ndiyo, mama, salama kabisa." Uongo ulitoka laini kama marahaba. Nikakata simu. Nikapiga tena saa ileile. "Mama, nimekudanganya. Nilipasuliwa." Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini safari hii nilikuwa naogopa nikiwa nimeshasema.