Sweta Zima

Kwa miaka mingi pale Mwanjelwa nilifuma mikono ya masweta ya shule. Mikono tu. Aliyekaa kushoto kwangu alifuma kifua na mgongo, wa kulia alifuma shingo. Tajiri mwenye mashine alitugawia vipimo asubuhi, jioni akabeba vipande vyetu vikaunganishwe kwingine. Nikikutana na mtoto njiani amevaa sweta, sikujua kama mikono ile ni yangu, na mbaya zaidi, sikujali.

Mume wangu, mwalimu wa uraia, alinieleza kwamba Wamaksi wana jina la hali hiyo: mfanyakazi kutenganishwa na kazi yake. Mashine si yake, anachokitengeneza si chake, mwishowe hata yeye anajiona kama kipuri. Nilimwambia mada hiyo nimeisoma kwa vidole vyangu, yeye amalizie kumenya ndizi. Lakini neno kipuri lilinikera, kwa sababu lilikuwa kweli.

Ndipo sisi watatu tukachangishana, tukanunua mashine moja kuukuu, tukaacha kazi. Tajiri alicheka, akasema tutarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mwalimu mkuu wa shule moja kule Mbalizi alitaka kwanza aone sweta moja la darasa la kwanza, Jumatatu. Likimpendeza, shule yake yote ingevaa kazi yetu. Lisipompendeza, tungerudi kwa tajiri kumpigia magoti, na hilo mimi siliwezi.

Tulifuma kwa zamu kama tulivyozoea, kila mtu kipande chake. Tulipounganisha, mikono ilining'inia hadi magotini. Hakuna aliyewahi kulinganisha kipande chake na cha mwenzake. Hesabu ya sweta lote alikuwa nayo tajiri. Tulicheka hadi tukakaa chini, kisha hofu ikatushika.

"Shoga, tukiendelea hivi tumekwisha," alisema yule wa shingo. "Wewe fuma yote. Sisi tutakuelekeza."

Nikalifumua lote. Jumapili kwaya yetu ya kanisani iliimba bila mimi. Nilianzia kiunoni, nikapanda kifuani, wenzangu wakinisahihisha. Mikono nikaipimia kwa binti yangu, nikamaliza na shingo. Nilipolishika likiwa zima niliona fahari ambayo sikuiona hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Jumatatu mwalimu mkuu alimvika mtoto wa darasa la kwanza. Alivuta mikono, akakagua shingo, akapekua mishono kwa ndani. Alipotaka kumvua, mtoto alijikunyata, akakataa.

"Hii sweta kafuma nani?" mwalimu mkuu aliuliza.

Tulipokuwa kwa tajiri, swali hilo hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kulijibu.

"Mimi," nilisema.

"Basi mama, mtanifumia shule yote."

"Mimi," nikarudia, ingawa hakuwa ameniuliza tena.