Mswada Uliowekwa Mezani

Kabla Chepkemoi hajaja, Bunge lilikuwa la Nkirote. Si kwamba alichaguliwa na mtu. Alikuwa msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee kule Roseville, jimbo la Minnesota, Marekani, akiwaogesha na kuwalisha siku nne kwa wiki. Jumanne, siku yake ya mapumziko, alivaa koti zito akaendesha gari hadi jengo la Bunge la jimbo, Saint Paul, akaketi viti vya nyuma katika kamati ya nishati na daftari lake la kijani. Kila mswada wa hali ya hewa au wa umeme safi alikuwa ameutengea ukurasa: nani kauleta, uko kamati gani, nani anaununia. Jumatano asubuhi aliwaandikia waumini wa ibada ya Kiswahili ya Hopkins kwenye WhatsApp. Wakenya kwa Wakongomani waliusubiri ujumbe huo, nao walimwita Mama Mswada. Jina lilimkaa vizuri na hakulikataa hata siku moja.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Kisha akaja Chepkemoi, ambaye kule Nairobi alikuwa ameripoti habari za Bunge miaka sita mfululizo kabla ya kupata kazi ya ofisini huku. Hakuja na daftari. Alituma sauti za dakika mbili zenye kicheko ndani yake, na jedwali la rangi: kijani mswada unakwenda, nyekundu umekwama. Mwezi haukuisha, watu wakaacha kumwuliza Nkirote. Mzee Rigobert, aliyewasemea wapangaji wa Kikongomani, ndiye aliyemchoma zaidi, tena kwa nia njema.

"Mama Nkirote, wewe ulitufungulia njia," alimwambia mlangoni mwa kanisa. "Lakini huyu mutoto anaeleza clairement. Sasa hata mimi naelewa."

Nkirote alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Tusimfichie: alikuwa na kijicho, kile cha kumfanya mtu mzima asikilize sauti ya dakika mbili mara nne akitafuta kosa. Kosa halikuwapo. Basi akakichukia kicheko.

Mwaka huo mswada uliowagusa watu wa Hopkins ulikuwa mmoja tu. Ungeanzisha mfuko wa jimbo wa kung'oa maboila ya gesi katika maghorofa ya zamani ya wapangaji na kuweka mashine za umeme, zinazopasha nyumba joto wakati wa baridi na kuipoza wakati wa kiangazi. Mama Mukandayisenga, jirani yake Rigobert, aliusubiri kuliko wote. Kiangazi kilichopita, moshi wa misitu inayoungua Kanada ulipofunika mji, mama huyo alifunga madirisha akabaki ndani ya joto, akihema, mpaka wakamkimbiza hospitali. Kila Jumapili alikuwa na swali lile lile juu ya mswada: "Ile loi yetu imefika wapi?"

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mswada ukafika kamatini. Nkirote alikuwa chumbani na daftari lake. Chepkemoi alifuatilia kwa simu akiwa kazini. Mbunge mwenye mswada alihesabu vichwa, akaona kura hazimtoshi, akaomba mswada uwekwe mezani. Ikakubaliwa, na kamati ikaendelea na mengine.

Sasa hapo pana mtego, na unawanasa Wakenya peke yao. Kwetu, hati ikiwekwa mezani bungeni, safari yake imeanza. Wabunge wameipokea na mjadala unakuja. Minnesota, kilichowekwa mezani kimewekwa kando, na kinaweza kukaa hapo mpaka kife. Nkirote aliujua mtego huo kwa sababu ulimnasa mwaka wake wa kwanza, na karani mmoja mzee akamweleza taratibu pale ukumbini. Alijua pia kwamba kamati ilikuwa na mpaka Ijumaa jioni. Watu wa Hopkins wakiwapigia wajumbe simu kwa wingi siku hizo tatu, mswada ungeweza kuinuliwa pale mezani ukapigiwa kura.

Hajafika kwenye gari, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Chepkemoi. "Dada Nkirote, nataka kuandikia group hivi: mswada wetu umewekwa mezani leo, ni hatua kubwa, tutulie tungoje mjadala. Niko sawa?"

Nkirote alisimama katika theluji chafu ya maegesho akausoma mara mbili. Furaha iliyompanda ilikuwa mbaya na aliijua kuwa ni mbaya. Acha ateleze siku moja tu, aliwaza. Kesho nitasahihisha mbele ya wote, wakumbuke nani alikuwa akiketi mle kamatini. Akaandika neno moja: "Sawa."

Lakini kesho yake group ilijaa shangwe. Mama Mukandayisenga, ambaye hakuwa na kawaida ya kuandika, alituma picha ya mikono iliyoinuliwa. Rigobert akamwita Chepkemoi "honorable wetu". Nkirote alianza kuandika masahihisho, akafuta. Wangesema ni wivu, na wangekuwa wamesema kweli. Alhamisi akaandika tena, akafuta tena. Ijumaa alikuwa zamu, akimkata kucha mzee mmoja, saa kumi na moja ilipogonga. Hakuna aliyekuwa amepiga simu hata moja, na mswada ulikuwa umekufa kwa mwaka ule.

Jumapili, baada ya ibada, Chepkemoi alisimama mbele bila karatasi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kosa ni langu," alisema. "Huku kuweka mezani ni kuweka kando. Niliandika nilivyozoea nyumbani, na sikumwuliza mtu."

Nkirote alingoja macho yamgeukie. Hayakumgeukia. Mama Mukandayisenga ndiye aliyeinuka, akihema, akaenda akamkumbatia Chepkemoi. "Mwaka ujao, mwanangu," alisema. Na Nkirote, pale pale, akamwonea Chepkemoi wivu hata kwa kukumbatiwa kule.

Nje, Chepkemoi alimfuata mpaka kwenye maegesho.

"Usijisumbue, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Jina lako sikulitaja wala sitalitaja. Hata wewe hukujua."

Njia ilikuwa wazi. Nkirote angeitikia kwa kichwa tu, na jambo lingezikwa hapo. Lakini miaka mitatu ya viti vya nyuma na daftari la kijani, leo aambiwe hakujua, tena na huyu, tena kwa huruma.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu Jumanne."

Chepkemoi alimtazama kama mtu anayesoma sentensi upya. Akafunga zipu ya koti hadi kidevuni, akaenda kwenye gari lake bila kuaga. Nkirote alibaki amesimama na ufunguo mkononi, akitamani iwe toba ndiyo iliyomfanya aseme, na akijua kwamba sivyo.