Wakili aliyemtetea mama yangu alipotengwa na kijiji, na aliyejitokeza kumsifu msibani

Wakuu, kwema? Haya nimeyaona kwa macho yangu, na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Kuna wakili mkongwe amefariki Shinyanga. Magrupu yote yanamsifu: bingwa wa Katiba, majaji walimheshimu. Sawa. Kijijini kwetu walimwita "Mhindi" tu, wakati mzee kazaliwa hapo hapo Shinyanga, baba yake alikuwa mnunuzi wa pamba, na Kisukuma chake kilinishinda hata mimi.

Mimi namjua kwa sababu ya mama.

Kijiji chetu kiko njia ya kwenda Geita. Dhahabu ilipoonekana jirani, viongozi wakataka shamba la mama lichimbwe mashimo. Mama, mjane, akagoma. Basi wakatangaza ametengwa.

Kwa msiojua, kutengwa ni hivi: hakuna kukusalimia, hakuna kukupa moto, ukifiwa unazika mwenyewe. Anayekusalimia anapigwa faini. Mimi nilikuwa Kahama kwenye mishe zangu. Niliporudi nikamkuta mama anaongea na mbuzi.

Nikampeleka kwa wakili. Swali lake la kwanza, akimwita "mama" kwa Kisukuma:

"Mayu, walikuita ujieleze?"

"Hata siku moja, baba."

Akaenda na hilo hilo Mahakama Kuu: Katiba hairuhusu mtu kuhukumiwa bila kusikilizwa. Tukashinda! Shamba likabaki la mama, na amri ya kumtenga ikafutwa.

Ila salamu hazikurudi. Hukumu tunayo, majirani wanapita kama vile nyumba haina mtu. Inauma, wakuu. Wakili peke yake, akipita kwenda kwenye kesi zake Geita, alikuwa anapaza salamu ya Kisukuma tangu barabarani, "Mwangaluka, mayu!" Makusudi kabisa, wasikie.

Sasa msibani, nilikoenda na mama, nani kapewa maiki? Mwenyekiti wetu wa kijiji! Yule yule aliyetangaza mama atengwe.

"Marehemu alikuwa mwenzetu, alitufundisha haki..."

Nilitaka kumrukia. Mama akawahi kusimama, akamgeukia mwenyekiti.

"Baba Masanja, huyo hakusikii tena. Mimi nipo hapa. Nisalimie."

Mwenyekiti akaangalia viatu vyake, akarudisha maiki, akakaa. Hakumsalimia!

Nilichojifunza: mahakama inaweza kukurudishia shamba, lakini ujirani haina uwezo nao. Na kumsifu marehemu kwa haki ni rahisi, maana yeye hakudai kitu tena.

Kwenu bado wanatenga watu? Tiririkeni hapo chini, hata mnaoona nimekosea.

Na wewe wa kijijini kwetu unayesoma hapa kimya kimya, mama yupo nyumbani. Pita umsalimie.